Neno Aliloliuliza Tata

Apolot, mwanangu,

Nakuandikia nikiwa jikoni. Jua bado halijajificha nyuma ya mwamba wa Tororo, na nakusikia chumbani ukigombana na sanduku. Baba yako amelikalia, wewe unavuta zipu, na mnalaumiana kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. Sitakuja kuwaamua. Wala sitakuandikia habari za koti la baridi, za kula kwa wakati, za kupiga simu ukifika. Hayo baba yako ameyarudia wiki nzima mpaka kuku wa jirani wameyakariri.

Nina jambo moja tu. Jana Tata, bibi yako, aliuliza maana ya neno, na mimi nikakataa kumtafsiria.

Wewe ulikuwa ndani, hukuona kilichotokea nje, kwa hiyo nitakusimulia. Uliomba sherehe ya kuagwa iwe ya soda na keki, sebuleni, na wenzako wa shule. Nikasema sawa. Lakini mama yangu alikuwa ameshaloweka ulezi tangu siku aliyosikia kwamba umepata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea uhandisi wa maji, na mimi sina ubavu wa kumwambia mwanamke wa Sikuda kwamba mjukuu wake ataondoka bila chungu. Akaja na chungu chake kimefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda, yeye mwenyewe amekikumbatia kama mgonjwa. Alifuatana na dada yake, na mzee Emojong, jirani yao. Wakakaa nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha ukuta, wakatumbukiza mirija.

Malwa, pombe yetu ya ulezi, haijinywi yenyewe. Ulezi umekaa chunguni, lazima mtu amwagie maji ya moto, watu wavute, yakipungua amwage mengine. Jana mtu huyo alikuwa mimi. Ndiyo maana nilikuwa napita chini ya dirisha la sebule na birika mkononi nilipomsikia rafiki yako yule mwenye rasta za zambarau akiuliza:

"Wewe Apolot, hao wazee huko nyuma ni akina nani?"

"Ah, hao? Watu local tu. Wageni wa Mama."

"Na hizo bomba ndefu? Wananyonya mtaro?"

Mkacheka. Nami kidogo nicheke, kwa sababu utani wenyewe ulikuwa mzuri, na kama angeutoa mtu ninayebishana naye redioni ningempa haki yake. Kilichonisimamisha pale na birika linalonichoma si kicheko. Ni "wageni wa Mama". Ulikuwa na neno fupi kuliko hilo. Ulikuwa na neno Tata, lenye herufi nne, na ulilizunguka kama mtu anayezunguka dimbwi ili asichafue viatu.

Nilipofika kwenye chungu Tata alikuwa ameondoa mrija mdomoni. Masikio yake unayajua, huyasikia hata maziwa yakikaribia kuchemka.

"Mama Apolot," akasema, "hiyo local ni kitu gani? Daktari ya ng'ombe alikuja kwangu, aliangalia ng'ombe yangu, alisema hii ni local. Sasa mtoto nasema mimi pia ni local. Mimi na ng'ombe tuko kabila moja?"

Mzee Emojong alicheka akiwa na mrija mdomoni, chungu kikatoa mapovu.

"Usipulize chungu, wewe mzee!" Tata akamfokea. "Umezeeka na bado hujui kunywa?"

"Sasa nyinyi mnachekesha mtu akiwa kazini," akajitetea.

Kisha wote watatu wakanitazama mimi. Mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza. Mimi ndiye watu huniletea barua za mahakama niwasomee, na kila Alhamisi hugombana na wakubwa kwenye kipindi cha redio mpaka mtangazaji anazima kipaza sauti changu. Nikasema, "Sijui, Mama. Muulize aliyelisema."

Akavuta. Akasema, "Jumatatu nakuja. Kabla hajapanda gari, nitamuuliza."

Unamjua. Atakuja. Kesho asubuhi, mbele ya dereva na majirani wote wenye kujifanya wanafagia, bibi huyo atakaposhuka kwenye bodaboda atakuuliza, na atangoja jibu. Hii barua si ya kukupa jibu. Mtu aliyetamka neno ndiye anayelijibia. Lakini nimepigana na neno hilo kwa miaka mingi kuliko umri wako, nikalishinda mara chache na likaniangusha mara nyingi, na si haki nikuache uende nalo bila kukuonyesha makovu.

Mara ya kwanza kuitwa local nilikuwa na sare mpya na sanduku la bati. Shule ya bweni, wasichana wa mjini, na mimi nimetoka Sikuda na karanga za kukaanga na jina la Kiteso. Nilimega ugali kwa vidole, msichana mmoja akasema, "You are so local," na meza nzima ikasogea kidogo. Kusogea kidogo tu, lakini nafasi ile kati ya kiwiko changu na chao bado naiona. Nikaapa hakuna atakayeniita hivyo tena. Nikasoma kila kitabu kilichokuwa kabatini, hata vile vyenye kurasa zilizoliwa na mchwa. Nikajifunza kusema Kiingereza kwa kasi, ili kisipate muda wa kunisaliti. Likizo nilipofika nyumbani sikukaa kwenye chungu. Nilikaa barazani na kitabu, nimewapa mgongo, na ukiniuliza ningekwambia nasoma. Nilikuwa natazama kurasa nikisikiliza wanavyocheka.

Niliiita hiyo ushindi. Ukweli ni kwamba msichana yule wa meza ya chakula alishinda. Mimi nilikuwa nimekwenda kumfanyia kazi bila mshahara.

Halafu nikafanya kubwa zaidi. Nikamvamia mama yangu na ng'ombe wake.

Alikuwa na ng'ombe mweusi, mfupi, mwenye nundu, wa kukamuliwa kikombe na nusu asubuhi. Mradi mmoja ulikuja vijijini ukigawa mitamba ya kizungu, mikubwa, yenye madoa meusi na meupe. Ili upewe ilibidi uonyeshe kwamba huchanganyi na zile za kwako. Mimi wakati huo nimemaliza chuo, kichwa kimejaa vitabu, mdomo haujui kufunga. Nilimhutubia Tata msimu mzima. Nikamwambia yake ni local, inakula bure, inatoa kikombe, imepitwa na wakati. Hakujua neno lile. Alijua tu kwamba binti yake amesoma na anasema kwa nguvu. Akauza Mweusi sokoni Busia, akarudi na kamba mkononi. Kamba tupu. Aliitundika ukutani.

Ng'ombe wa kizungu akaja. Akataka kibanda. Akataka kukatiwa majani, kwa sababu hakutaka kutembea. Akataka kupuliziwa dawa ya kupe kila mara, na dawa ilipokosekana dukani, ilikosekana tu. Majirani walinikejeli. "Mwalimu, ng'ombe yako imekunywa chai?" "Mwalimu, soksi zake zimekauka?" Mvua za kwanza, homa ya kupe ikamchukua. Alianguka jioni, na Tata alikaa naye akimpepea kwa jani la mgomba, mnyama ambaye hakumpenda, akimpepea tu kwa kuwa alikuwa anateseka.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu hupenda kunielewa vibaya. Sikwambii kwamba ng'ombe wa kizungu ni mbaya. Kuna watu hapo Masinya wanao, wamewachanganya na wa kwetu, wana maziwa mpaka wanagawa. Ninachosema ni kwamba local lilikuwa neno la kuzuia swali. Swali lilikuwa jepesi: ng'ombe huyu anaweza nini, na wapi, na nani atamtunza? Ukishasema local, swali limekufa. Hulihitaji tena, umeshajua. Nilikuwa msomi mwenye neno moja, na neno hilo lilifanya kazi yote ambayo akili yangu ilipaswa kufanya.

Tazama linavyobadilika sura. Pale njia panda, magari yanayotoka Kampala husimama, kioo kinashuka, mwanamke mwenye miwani anauliza, "Hiyo kuku ni local?" Muuzaji akiapa kwamba ni local kabisa, bei inapanda na mwanamke anafurahi. Kuku akiwa local ni sifa. Mayai yakiwa local, sifa. Kisha yule yule mwanamke anampigia kelele kijana aliyemfungia kuku miguu, "Mbona uko local hivi?" Kuku anapanda kiti cha mbele, kijana anabaki kwenye vumbi. Nilisimama pale siku moja nikamuuliza mama huyo, kwa adabu yangu yote, ambayo si nyingi, kwa nini anapenda kila kitu cha hapa kilicho na mifupa isipokuwa watu. Alipandisha kioo. Kijana naye alinikasirikia: "Madam, umenifukuzia kastoma." Alikuwa na haki. Ghadhabu yangu mara nyingi humwangukia mtu ambaye nilidhani namtetea. Hilo nalo ulichukue.

Vuka mpaka wa nchi uende upande wa pili, Busia ya kwa baba yako, na neno limevaa nguo nyingine. Huko baba yako mdogo akisema anakwenda local yake, anakwenda baa ile ambayo mhudumu anajua kiti chake na hadithi zake zote. Hakuna haya hata kidogo. Anasema "local yangu" kama mtu anavyosema kanisa langu. Hatua chache, lango moja, na kilichokuwa tusi kimekuwa starehe.

Na daktari wa meno hapa mjini aliponing'oa jino, aliniambia atanipa ganzi ya local. Nikamuuliza maana yake nini. Akasema, "Inaua sehemu moja tu, mwalimu. Nyingine zote zitakuwa macho." Nilikaa kwenye kile kiti, shavu moja limekufa, machozi yanatoka upande ulio hai, nikafikiri: hiki ndicho nilichofanyiwa shuleni. Walinidunga sehemu moja. Niliweza kuona Ulaya, kuumia kwa ajili ya vita vya nchi nisizozijua, kulia kwa sababu ya msichana wa kwenye riwaya. Sehemu moja tu ilikuwa imekufa, na ilikuwa Sikuda. Ganzi ya jino iliisha jioni ile ile. Hii nyingine ilinichukua mpaka ulipozaliwa wewe.

Kuzaliwa kwako kulikuwa hivi. Watu wa baba yako walikuwa wameshakupa jina la Nekesa. Tata akasema mtoto haingii duniani kwa mlango mmoja. Akachovya kidole kwenye pombe ya ulezi, akakigusisha mdomoni mwako, akataja jina. Ukageuza uso. Akachovya tena, akataja jingine. Ukakunja midomo kama mzee aliyepewa chai isiyo na sukari. Mara ya tatu akasema "Apolot," ukakinyonya kidole kile mpaka watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa mkekani, mwenye vitabu vyangu vyote, nikaona kwamba mtoto asiye na jino wala lugha amepewa haki ya kukataa jina. Mimi sikuwahi kukataa hata moja. Waliniita local, nikanyonya.

Tangu siku hiyo nikaanza kukataa, na sikuacha. Nikafanya kazi kidogo na shirika moja lililokuwa na ofisi hapa mjini. Kwenye mkutano mgeni aliyetoka ng'ambo alinitambulisha: "Na huyu ni mtaalamu wetu wa local." Watu wakapiga makofi. Nikasimama.

"Asante," nikasema. "Na wewe ni mtaalamu wa wapi?"

"Mimi? Mimi ni wa kimataifa."

"Ndiyo, lakini umezaliwa wapi?"

Akataja kijiji. Kwa kweli akakitaja vizuri, akatabasamu, akasema kuna kanisa la mawe na mto.

"Basi na wewe ni local," nikasema, "ila tu si wa hapa."

Aliona jambo la kucheka, akacheka, nikampenda kwa hilo. Bosi wangu wa hapa hapa, mtoto wa Mulanda, ndiye hakucheka. Yeye ndiye aliyeniita ofisini na kuniambia nimeaibisha ofisi. Kumbuka hilo ukifika huko. Anayekulinda usijulikane unakotoka mara nyingi ni mtu wa kwenu. Niliacha kazi ile kabla hawajaniachisha, na ninajua ulikosa viatu vipya muhula ule. Ningefanya vile tena, lakini safari hii ningekuambia sababu, badala ya kukuacha udhani tumefilisika tu.

Halafu kuna neno hilo kwenye ratiba ya shule yako ya msingi: "local language". Kila mtoto alitakiwa aseme yake. Wewe ulisema Kiswahili, kwa kuwa ndicho ninachotumia na baba yako, ndicho ulichoota nacho. Mwalimu akakwambia hicho si cha local, hicho ni cha wanajeshi na wachuuzi. Ukarudi nyumbani unalia: huna lugha. Nilikwenda shuleni siku ya pili na nikasema mambo ambayo mwalimu mkuu bado anayakumbuka. Basi ona muujiza huo: Tata anatukanwa kwa kuwa local sana, na mtoto wangu anafukuzwa kwa kutokuwa local vya kutosha. Mwenye kupima ni yule yule, na rula anayo mfukoni, hakuonyeshi.

Lakini usifikiri nitakuambia uabudu kila kitu kwa sababu ni cha hapa. Wanaofanya hivyo siwawezi pia. Wapo vijana wa Kampala wanaokuja na shanga shingoni, wanapiga picha na mrija, wanasema wanapenda vitu local, na Jumatatu wanarudi kuwaita watumishi wao washamba. Na wapo wa kwetu wenyewe. Babu yako alipofariki, ndugu zake walikuja kumwambia Tata kwamba shamba si lake, kwamba mjane hana mpaka, ndivyo mila ya hapa ilivyo. Ya hapa! Walilitumia neno lile lile kama rungu. Tata aliwajibu akiwa na jembe mkononi: "Mimi pia ni wa hapa. Mila hii mliongea na nani, na mimi nilikuwa wapi?" Tukapigana miaka. Shamba lile ndilo lililotoa ulezi wa jana. Kwa hiyo mtu akikuambia jambo ni zuri kwa sababu ni la kwenu, muulize kama Tata alivyouliza. Na akikuambia ni baya kwa sababu ni la kwenu, muulize hivyo hivyo.

Nimesoma mengi, na kamusi zote zinakubaliana: kwa asili neno hili halina tusi wala sifa. Linatoka kwenye neno la kale la mahali. Mahali tu. Mtu mwenye mahali. Ulipoomba pasipoti, serikali yenye kompyuta na mashine za kupima macho haikukuamini mpaka mwenyekiti wa kijiji, yule mwenye kandambili na redio ya betri, aandike kwa mkono wake kwamba anakujua. Alikuuliza swali moja. Hakukuuliza alama zako za mtihani. Alikuuliza, "Bibi yako ni nani?" Ukamjibu mara moja, bila kuzunguka dimbwi, kwa sababu ulitaka muhuri. Muhuri huo ndio unaokupandisha ndege kesho.

Na huko utakakoshuka utaitwa mwanafunzi wa kimataifa. Utapewa hata kadi. Utakuwa Apolot yule yule, miguu ile ile, na hutakuwa umeongeza kitu njiani ila njaa na usingizi. Watakuwa wamebadilika wanaokutazama, basi. Itakuja siku watakupa jina jingine ambalo hutalipenda, na hutakuwa na meza nzima ya kukutetea. Siku hiyo sitaki uongeze kasi ya Kiingereza chako kama mimi. Geuza uso. Kunja midomo. Ulijua kufanya hivyo kabla hujajua kukaa.

Nimebakisha jambo moja, na nimelizunguka barua nzima, nami pia nina madimbwi yangu.

Kwenye chungu cha Tata mtu hainuki ovyo. Ukitaka kwenda msalani, au kumtazama mtoto, unamwambia jirani yako, "Nishikie," naye anakushikia mrija mpaka urudi. Hauchomolewi. Haulazwi chini. Mkono wa kulia, siku zote, na mshikaji hauvuti. Anaulinda tu usizame na mtu mwingine asikae pale. Ulijua sheria hizo ukiwa mdogo. Ulikuwa ukimshikia yeye anapokwenda kufunga mbuzi, umekaa wima kama askari, na mzee Emojong akinyoosha mkono kwa utani ulimpigia kelele mpaka akaomba msamaha.

Jana, Apolot, nilipomwaga maji ya moto ya kwanza, niliona mirija minne kwenye chungu, na watu walikuwa watatu. Nikadhani nimehesabu vibaya. Nikamwaga ya pili. Tata alikuwa ameshika miwili, yote kwa mkono wa kulia, na akivuta anavuta mmoja tu. Ule mwingine ni mfupi, wenye kichujio kipya. Mzee Emojong alikuwa amemwambia, "Pumzisha mkono, mama, huyo ana wageni wake," naye akamjibu, "Ameniambia nimshikie?" "Hajakuambia." "Basi ni mimi nimejiambia. Kunywa."

Aliushika mchana wote. Aliushika alipouliza mwenzako wao ni akina nani, na aliushika alipouliza maana ya neno. Walipofunga chungu na kuondoka kwa bodaboda, alikuwa bado ameushika, umekaa begani mwake kama fimbo ya uvuvi, na dereva akawa anamlalamikia, "Mama, mti huo utanitoa jicho."

Sikukupakia mrija huo sandukuni, na usiuombe. Ni mrefu kuliko sanduku, na huko ukiuweka kwenye glasi peke yako utakuwa bomba tu, rafiki yako atakuwa amesema kweli. Unakuwa mrija pakiwa na chungu, na watu, na mtu wa kumwaga maji. Unabaki Sikuda.

Sasa zipu imefunga, nasikia baba yako anashangilia kama amefunga goli. Nitaweka barua hii chini ya mto wako, usome kabla ya kulala au usisome, wewe ni mtu mzima. Kesho Tata atashuka, ataweka kitambaa chake sawa, na atakuuliza. Mimi nitakuwa mlangoni na sitafungua mdomo, jambo ambalo wasikilizaji wangu wa Alhamisi hawataliamini. Unaweza kumweleza habari za kuku, ng'ombe, baa na ganzi. Atasikiliza yote, ana subira. Unaweza pia kuyaacha yote hayo, ukamshika mkono wa kulia, mbele ya dereva na wote wenye mafagio, ukasema neno moja ambalo halihitaji mtafsiri.

Nishikie.

Mama yako, wa hapa